Mazoezini nawaka, siku ya mechi miguu inakuwa mizito. Presha hii mnaikabili vipi?

#1 Winga Teleza
Wakuu, salaam.

Nacheza winga ya kulia. Mazoezini niko vizuri kabisa: namtoka beki, napiga krosi inatua pale pale straika anapoitaka. Ikifika mechi ya mashindano, hasa ya mtoano, nakuwa mtu mwingine. Mdomo unakauka hata sijamaliza kufunga kamba za viatu. Mikono inakuwa ya baridi. Mpira wa kwanza ukinijia naurudisha nyuma haraka haraka ili tu usikae kwangu, na nikijaribu krosi inapita juu ya goli inaishia kwa waokota mipira.

Nimefikia kuamini kwamba haya mambo ni ya kuzaliwa. Kuna mtu kazaliwa na moyo wa mechi na kuna mtu kazaliwa na moyo wa mazoezi. Wanaoniambia "utazoea" naona wananifariji tu, maana huu si msimu wangu wa kwanza.

Kuna aliyewahi kutoka huku? Nataka kusikia alichofanya. Lile la "jiamini tu" nimeshaambiwa sana.

#2 Nahodha Mstaafu
Mdogo wangu, hilo la kuzaliwa silikubali hata kidogo.

Mchukue Jana Novotna wa tenisi. Fainali ya Wimbledon 1993 dhidi ya Steffi Graf, seti ya mwisho anaongoza 4-1 na imebaki pointi moja iwe 5-1. Anaanzisha mpira, anakosea mara mbili mfululizo, pointi imekwenda. Kuanzia hapo hakupata gemu nyingine hata moja, Graf akamaliza 6-4. Watu wakasema huyu dada hana moyo wa fainali. Mwaka 1998 akarudi uwanja ule ule akachukua kombe. Kama moyo ni wa kuzaliwa, ule wa 1998 alizaliwa nao lini?

#3 Mita Mia Nane
Nahodha umeiruka 1997. Alifika fainali ya Wimbledon mwaka huo pia, akafungwa na Martina Hingis. Kwa hiyo alipoteza fainali mbili pale kabla ya kushinda. Kwangu mimi hiyo inaipa nguvu zaidi hoja yako.

#4 GS wa Zamani
Mimi nilikuwa mfungaji wa netiboli. Winga, nikuulize: mpira ukiwa miguuni kwako siku ya mechi, unawaza nini hasa?

Nauliza kwa sababu kwangu tatizo halikuwa woga. Lilikuwa kujichunguza. Mazoezini nilikuwa narusha tu. Siku ya mechi naanza kuwaza kiwiko kimekaa wapi, vidole nimevifungua vipi, magoti nimeyakunja kiasi gani. Mkono unaoijua kazi yake miaka yote, naanza kuufundisha upya mbele ya watu! Mpira unazunguka juu ya ringi, unatoka.

Kocha wangu hakunigusa kiwiko. Aliniambia nichague sehemu moja tu ya ringi, ukingo wa nyuma, niikazie macho mpaka mpira uondoke mkononi, na kimoyomoyo nihesabu moja, mbili. Basi. Kiwiko kikajiendea chenyewe.

#5 Mzee wa Takwimu
Dada GS amegusa penyewe. Sian Beilock na Thomas Carr, wanasaikolojia wa Marekani, waliandika kuhusu jambo hili mwaka 2001 wakitumia gofu, ule mpigo mfupi wa kuusukumia mpira shimoni. Maelezo yao ni kwamba ujuzi uliokwisha kuiva unajiendesha wenyewe. Presha ikimfanya mtu aanze kuusimamia hatua kwa hatua, anauvuruga.

Na lile la ukingo wa ringi nalo lina utafiti. Joan Vickers alipima macho ya wachezaji wa kikapu kwenye mitupo huru, akaandika 1996: walio mahiri hulikazia macho lengo kwa muda mrefu zaidi kabla ya kurusha. Kocha wako alikuwa anajua kazi yake.

#6 Kipa Mkongwe
Mnazunguka mbali. Presha ni watu, kwisha. Uwanja ungekuwa mtupu, Winga asingefungua uzi huu.

Mwangalieni Roberto Baggio, fainali ya Kombe la Dunia 1994. Aliibeba Italia mgongoni mpaka fainali. Leo ukitaja jina lake, kinachokumbukwa ni ile penalti moja aliyoipaisha na kuwapa Brazil kombe. Mchezaji anayajua haya. Akishatenga mpira haoni goli, anaona atakavyosemwa kesho.

#7 Mzee wa Takwimu
Kipa, nikurekebishe kidogo. Kabla ya Baggio walishakosa Franco Baresi na Daniele Massaro. Na hata kama angefunga ingekuwa 3-3 huku Brazil wakiwa bado na mkwaju mmoja mkononi. Hakulipoteza kombe peke yake. Mabao yake 5 ya michuano ile nayo yote yalikuwa ya hatua ya mtoano, yaani pale pale ambapo presha ni kubwa.

#8 Kipa Mkongwe
Mzee wangu, umenipa ushahidi zaidi. Wamekosa watatu, dunia imemkumbuka mmoja. Hayo ndiyo maneno ya watu ninayoyasema.

#9 Mita Mia Nane
Kwenye riadha tunaliona kwa jicho jingine. Siku ambayo tumbo halijakoroga kabla ya mbio, najua nitakimbia ovyo. Nikiwa mtulivu sana bunduki inalia mwili bado umelala.

Kuna kanuni ya Yerkes na Dodson ya mwaka 1908: msisimko ukiwa mdogo unafanya vibaya, ukiwa wa wastani unafanya vizuri, ukizidi unaharibu tena. Kwa hiyo Winga usiifukuze presha yote. Ipunguze ifike pale inapokufaa.

Mimi nikiwa kwenye mstari huwa sijiambii "tulia". Najiambia "nina hamu na mbio hizi". Mwili ni ule ule unaodunda, ila unaupa jina jingine. Alison Wood Brooks alilijaribu hili kwa watu wanaoimba, wanaohutubia na wanaofanya hesabu, akachapisha 2014. Waliojiambia wana msisimko wa furaha walifanya vizuri kuliko waliojilazimisha kutulia.

#10 Daktari wa Benchi
Kwanza, ile ya 1908 ilikuwa ya panya, siyo wanariadha. Wameivuta baadaye mpaka michezoni. Wazo ni zuri ila tusilifanye msahafu.

Pili, hayo mambo ya mwili aliyoyaeleza Winga siyo maajabu. Mwili ukihisi hatari unamwaga adrenalini. Mishipa midogo ya damu ya ngozi inabana, damu inaelekezwa kwenye misuli mikubwa, ndiyo maana mikono inapoa. Mate yanapungua, mdomo unakauka. Tumbo linavurugika. Moyo unakimbia. Hii yote inamfaa mtu anayetaka kukimbia au kusukuma kitu kizito. Haimfai anayetaka kazi ndogo ndogo ya vidole au mguso laini wa mguu.

Hapo ndipo Mita Mia Nane na dada GS wanapopishana, na wote wako sahihi. Mmoja anahitaji nguvu za mapaja, mwingine anahitaji kifundo cha mkono. Winga ana bahati mbaya kidogo, anahitaji vyote: akimbie kama mwanariadha, halafu sekunde hiyo hiyo auguse mpira kwa ulaini.

Cha kufanya: pumzi. Vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita au nane. Pale unapotoa pumzi ndipo moyo unapopunguza kasi, kwa hiyo utoaji ndio uwe mrefu. Na usingoje siku ya fainali kuanza. Ifanye mazoezini kila siku, mwili uijue.

#11 Straika Mtata
Daktari, kwa hiyo ile foleni ya chooni kabla ya mechi ni mambo hayo hayo? Kuna beki wetu mmoja lazima aende hata refa akiwa ameshaita timu. Tumemtania miaka yote kumbe mtu wa watu mwili unafanya kazi yake 😂

#12 Daktari wa Benchi
Ndiyo. Mwacheni aende. Na mpangieni muda wa kwenda mapema, asiwe anakimbizana na filimbi, hiyo nayo ni presha.

#13 Kocha Mtulivu
Nimefuatilia uzi toka juu. Nimewafundisha vijana muda mrefu na sijawahi kumwambia mtu "jiamini", kwa sababu kujiamini kunakuja baada ya kazi, hakutangulii.

Kwa macho yangu tatizo la Winga ni mazoezi yenyewe. Akikosa krosi mazoezini anapewa mpira mwingine, na mwingine, na mwingine. Kwenye mechi mpira mwingine uko wapi?

Kwangu mazoezi yakikaribia kuisha, jezi zimelowa na watu wamechoka, naweka mpira mmoja tu kwenye nukta ya penalti. Wote wanasimama katikati ya uwanja wameshikana mabega. Namtaja mmoja, na hakuna ajuaye ni nani mpaka jina litoke mdomoni mwangu. Anaanza kutembea peke yake kuelekea kwenye boksi. Ule mwendo ndio penalti yenyewe, watu wengi hawajui. Anainama kutenga mpira, anaugeuza mpaka tundu la upepo likae anakotaka, kipa anamsemesha, na mimi nachelewesha filimbi makusudi. Akikosa, wenzake wote wanakimbia raundi, yeye anasimama anawatazama.

Kijana mmoja, fundi kweli kweli, mara ya kwanza aliparaza nyasi mpira ukajiviringisha mpaka miguuni kwa kipa. Msimu ulipokuwa unaisha alikuwa anatembea kwenda kutenga mpira huku anamjibu kipa.

Filimbi naichelewesha kwa sababu ya Geir Jordet, mtafiti wa Norway. Amechambua mikwaju ya michuano mikubwa, akaona wanaokurupuka mara tu filimbi ikilia hukosa zaidi kuliko wanaojipa muda kidogo. Kingine alichokuta, na hiki kila kocha akibandike ukutani: mkwaju ambao ukiingia timu imeshinda papo hapo, unaingia zaidi ya mara 9 kati ya 10. Mkwaju ambao ukikosa timu imetolewa papo hapo, unaingia kama mara 6 kati ya 10. Umbali ni ule ule, mita 11.

#14 Kona Nyekundu
Kocha, heshima yako. Ila kuikimbiza timu nzima kwa kosa la mtu mmoja silikubali. Unamfundisha kijana kwamba akikosa, wenzake wanaumia kwa ajili yake. Si ndio mzigo ule ule anaousema Kipa?

Mimi ni bondia. Huwezi kuitengeneza presha ya ulingoni kwenye jimu, hata ufanyeje. Taa zile, kelele zile, na mtu aliye mbele yako anayetaka kukulaza kweli. Kinachonisaidia ni utaratibu usiobadilika. Mikono yangu inafungwa bendeji na mtu mmoja tu, siku zote. Anaanza kidole gumba, anashuka kwenye kiwiko cha kiganja, anarudi anapita katikati ya vidole, kushoto kwanza kisha kulia. Hatuongei. Akimaliza ananigonga kiganjani. Nikishagongwa pale akili imeshajua tunaingia kazini, hata nje wapige kelele vipi.

Muogeleaji Michael Phelps, Beijing 2008, mita 200 kipepeo, miwani ilijaa maji akawa haoni ukuta. Akahesabu mikono yake tu mpaka mwisho. Alishinda, tena kwa rekodi ya dunia. Huyo aliokolewa na utaratibu, siyo kwa kukimbizwa raundi.

#15 Kocha Mtulivu
Kona Nyekundu, uzito wa wenzako hauepukiki kwenye mchezo wa timu. Mimi nautoa hadharani wauzoee. Kwenye ngumi uko peke yako, ndiyo maana unaona ni uonevu.

Na huyo Phelps alihesabu mikono kwa sababu alishaogelea umbali ule mara nyingi mno mazoezini akijua idadi yake. Mfano wako unarudi kwangu.

#16 Kona Nyekundu
Kuzoea umbali ni sawa. Kutwishwa adhabu ya wengine ni kitu kingine. Hapa hatutaelewana kocha, tuendelee.

#17 Winga Teleza
Asanteni sana, nimesoma zote.

Dada GS, swali lako limenikalia kichwani. Nimejaribu kukumbuka na jibu limenishangaza. Siwazi mguu wala kiwiko. Namuwaza mzee wangu jukwaani. Yeye alicheza mpira kwa kiwango cha juu, kila mechi ya nyumbani yupo. Hasemi kitu, anakaa tu, ila nikikosa huwa namwangalia bila kutaka. Na sasa nikihesabu vizuri, mechi zangu nzuri nyingi ni za ugenini, ambako haji.

#18 Kipa Mkongwe
Nilisema mimi! Watu! Na mtu mmoja anatosha, si lazima uwanja ujae.

#19 Mama Muogeleaji
Mwanangu Winga, naomba nikujibu kama mzazi.

Sisi tunakuja kwa mapenzi. Huyo baba yako anayekaa kimya huenda anajizuia kusema ili asikupe presha, na wewe ukimya wake unausoma kama hukumu. Binti yangu anaogelea mashindano. Siku moja alinijia mwenyewe akasema, mama, ukae upande wa pili wa bwawa, na nikitoka majini usiniulize muda wangu, ngoja nikuambie mwenyewe. Nilimshukuru kwa kuniambia, maana peke yangu nisingejua. Mpaka leo nakaa upande ule na ananitafuta yeye.

Usimwambie mzee asije, utamuumiza bure. Mwambie unachokihitaji akija.

#20 Nahodha Mstaafu
Nakubaliana na mama. Ila kwa Kipa bado nina ubishi: kama watu ndio tatizo, Cathy Freeman unamwelezaje? Sydney 2000, michezo ya Olimpiki iko nchini kwake, yeye ndiye aliyewasha mwenge, uso wake uko kila mahali, na taifa zima linamsubiri kwenye mita 400. Alikimbia 49.11 akachukua dhahabu. Watu walewale wanaomlemea mwingine, yeye walimbeba.

#21 Kipa Mkongwe
Mwangalie baada ya mstari wa kumalizia. Alikaa chini kwenye tartani, hakushangilia kwanza. Yule siyo mtu aliyebebwa, ni mtu aliyetuliwa mzigo.

#22 Nahodha Mstaafu
Lakini aliubeba mpaka mwisho, Kipa. Ndicho tunachokizungumza.

#23 Mpita Njia
Kuna vidonge vya kupunguza mapigo ya moyo. Jamaa mmoja ninayecheza naye vishale anavimeza kabla ya mashindano, mkono hautetemeki kabisa. Winga ajaribu.

#24 Daktari wa Benchi
Tafadhali sana, hapana.

Unazungumzia propranolol na ndugu zake. Hizo ni dawa za moyo na shinikizo la damu, zinaandikwa na daktari aliyekupima. Mwenye pumu zinaweza kumletea balaa. WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, wamezipiga marufuku kwenye michezo ya kulenga kama vile bunduki na upinde, na vishale vimo. Beijing 2008, mlenga shabaha Kim Jong-su wa Korea Kaskazini alinyang'anywa medali zake mbili, fedha na shaba, kwa sababu ya propranolol.

Na winga anauhitaji moyo uende mbio. Ukimpa kitu kinachouzuia, atafika kwenye kibendera cha kona beki ameshamsubiri.

#25 Mkono wa Kushoto
Kuna mbinu isiyo na madhara. Wajerumani, kina Jürgen Beckmann, walichapisha 2013: wachezaji wanaotumia mkono wa kulia waliminya mpira laini kwa mkono wa kushoto kabla ya kucheza, na chini ya presha hawakuporomoka kama waliominya kwa kulia. Walijaribu kwa penalti za soka, taekwondo na badminton. Maelezo yao ni kwamba unaiamsha sehemu ya ubongo inayojiendesha na kuituliza ile inayojisemesha.

#26 Straika Mtata
Jumapili tutawaona mawinga wote wanaingia uwanjani wamekunja ngumi ya kushoto kama wameficha kitu. Refa ataanza kuwapekua 😂

#27 Mzee wa Takwimu
Ni tafiti za watu wachache, Mkono wa Kushoto, tusiikabidhi kazi yote. Lakini haina gharama wala hatari, ajaribu. Na inapatana na aliyosema dada GS, kwamba adui ni kujisimamia kupita kiasi.

#28 Sarakasi
Naona wote mnazungumza kana kwamba kukabili presha ni kuingia tu uwanjani ucheze. Kwenye jimnastiki siyo hivyo.

Simone Biles, Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021. Aliruka mara moja kwenye fainali ya timu, angani akapoteza hisia ya mwili wake uko wapi, akajitoa. Wengi walimwita mwoga. Sisi tunaofanya mchezo huu tulishika vichwa, kwa sababu tunajua maana yake. Unazunguka juu, hujui sakafu iko upande gani. Unaweza kutua kwa shingo. Hapo hakuna cha pumzi wala cha kuhesabu.

Alipumzika, akarudi kwenye boriti tu, akachukua shaba. Paris 2024 alichukua dhahabu tatu na fedha moja. Kama angelazimisha siku ile ya Tokyo huenda Paris isingekuwepo.

#29 Kona Nyekundu
Kwa Biles sina ubishi, shingo ni shingo. Wasiwasi wangu ni vijana kuisoma hiyo wakadhani kila mchecheto ni sababu ya kukaa benchi. Mpaka uko wapi?

#30 Sarakasi
Mpaka ni mwili kuwa hatarini. Mchecheto wa kukosa goli na mchecheto wa kuvunjika shingo ni vitu viwili.

#31 GS wa Zamani
Na akili kuwa hatarini je? Namjua dada tuliyecheza naye aliyekuwa hali wala halali wiki nzima kabla ya mechi. Shingo yake ilikuwa salama. Aliacha mchezo kabisa. Ningetamani angepumzika mapema.

#32 Straika Mtata
Mmemsahau Asamoah Gyan. Robo fainali ya Kombe la Dunia 2010, Ghana na Uruguay, Suárez, mshambuliaji wa Uruguay, kauzuia mpira kwa mikono kwenye mstari wa goli, dakika ya mwisho ya nyongeza, penalti. Gyan akagonga mwamba. Akaisha pale pale.

#33 Mzee wa Takwimu
Hakuisha. Dakika chache baadaye zikaja penalti za kuamua, na aliyekwenda kupiga ya kwanza ya Ghana ni yeye yeye Gyan. Akafunga. Ghana walitolewa 4-2, lakini waliokosa kwenye zile ni wengine.

#34 Winga Teleza
Sasa hapo ndipo ninapotaka kuelewa. Mtu amekosa penalti ya kuipeleka Afrika nusu fainali ya kwanza ya Kombe la Dunia, machozi hayajakauka, anarudi kutenga mpira. Alifanya nini kichwani?

#35 Nahodha Mstaafu
Pengine baya kabisa lilikuwa limeshamkuta, hakuwa na la kuogopa tena. Nimeliona hilo kwa wachezaji wengi, kosa la mapema linawafungua. Lakini siyo kanuni. Huyo huyo Gyan, nusu fainali ya AFCON 2012, penalti yake ilipanguliwa na Kennedy Mweene, kipa wa Zambia, na Ghana wakatolewa 1-0.

Zambia hao ndio waliokwenda fainali na kuwatoa Ivory Coast kwa penalti 8-7 mjini Libreville. Mnakumbuka walivyokuwa wanaimba wakati wa mikwaju? Upande mmoja nyota wakubwa, Drogba alishapaisha penalti ndani ya dakika 90. Upande wa pili vijana wanaimba. Stoppila Sunzu akamaliza kazi.

#36 Mita Mia Nane
Kuimba ni kutoa pumzi ndefu, daktari atakubali 😀

#37 Daktari wa Benchi
Nakubali kabisa. Na huwezi kuimba huku unajikagua kiwiko.

#38 Kipa Mkongwe
Na mkiimba pamoja, watu wanageuka kuwa wenzako. Sijabadili msimamo, presha ni watu, na dawa yake pia ni watu.

#39 Refa Mdogo
Niongeze upande wetu. Maneno ya vyumba vya kubadilishia nguo yanachangia. Nikipita kukagua viatu nasikia "leo ni kufa na kupona", "tukifungwa leo msirudi nyumbani". Timu iliyopaniwa hivyo naijua kwa rafu za dakika tano za mwanzo. Kadi ya kwanza mara nyingi inatoka hapo.

#40 Kocha Mtulivu
Refa amesema kweli tupu. Makocha wenzangu, tuwaambie kazi ya kufanya: nani anakaba nani kwenye kona, mpira wa kwanza uende upande gani. Wanajua kwamba ni fainali, hawahitaji kukumbushwa.

#41 Mzee wa Takwimu
Kipa, zawadi yako hii. Michael Bar-Eli na wenzake wa Israel, 2007, walichambua penalti 286 za ligi kubwa na michuano. Makipa waliruka kushoto au kulia kwenye karibu asilimia 94 ya mikwaju, ilhali kusimama katikati kungewapa nafasi kubwa zaidi ya kuokoa. Maelezo yao: ukiruka ukafungwa umejitahidi, ukisimama ukafungwa umezubaa.

#42 Kipa Mkongwe
Mzee nimekupenda. Hata mimi naruka. Nani asimame katikati apigwe bao huku uwanja mzima unamwangalia?

#43 Winga Teleza
Nimeongea na mzee wangu jana. Alicheka, akasema anakaa kimya kwa sababu mechi zangu zinamtia kimuhemuhe kuliko alivyokuwa akicheza mwenyewe. Tumekubaliana Jumapili akae upande wa goli la kwetu, nisiwe namwona nikiwa nashambulia kipindi cha kwanza. Pumzi ya nne kwa nane nimeanza. Hilo la kocha la mpira mmoja tu nimemwomba kocha wetu, amekubali, bila raundi.

Dada GS, swali la mwisho. Wewe ringi lako limesimama. Krosi yangu inamfuata mtu anayekimbia. Macho niyakazie wapi?

#44 GS wa Zamani
Kwangu ningesema chagua eneo, usichague mtu. Kati ya kipa na nukta ya penalti. Straika ndiye alifuate.

#45 Nahodha Mstaafu
Hapana dada. Inua kichwa mara moja uone, halafu macho yarudi kwenye mpira mpaka mguu uguse. Anayeangalia eneo wakati anapiga ndiye anayepaisha.

#46 Kocha Mtulivu
Nahodha, kichwa akiinue lini? Kabla hajamtoka beki au baada? Maana baada ya kumtoka ana mguso mmoja tu wa kuandaa mpira, na beki wa pili anakuja.

#47 Straika Mtata
Mimi ninayeipokea hiyo krosi nasema kabla. Akiinua kichwa baada, nakuwa nimeshaotea.